Trekta Lilikuwa Lenyewe Lini?

Tuseme lipo trekta la Massey Ferguson 135 katika shamba la Uwemba, huko kwenye baridi na viazi mviringo nje ya mji wa Njombe, na mwenyewe anataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Mafundi wataiona kazi hiyo kama suala la spea na rangi. Mimi naona kuna swali linalotangulia: trekta hili lilikuwa lenyewe lini?

Utafiti huanzia kwenye kibati cha namba. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1964. Ukipiga msasa pembeni mwa boneti, chini ya rangi za wamiliki mbalimbali huibuka nyekundu ya kwanza, na unadhani umefika mwanzo. Hujafika. Trekta liliunganishwa Coventry, Uingereza, lakini injini yake ya dizeli ya silinda 3 ni ya kampuni ya Perkins ya Peterborough; haidroliki inayoinua jembe ni uzao wa majaribio ya Harry Ferguson tangu miaka ya 1920; na jina ni matokeo ya kampuni mbili kuungana mwaka 1953. Siku ya kwanza kabisa, lilikuwa tayari limebeba historia za wengine.

Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes alilitia makali swali la Wagiriki kuhusu merikebu ya Theseus: mbao zikibadilishwa moja moja hadi zikaisha, na mtu akaziokota zile kuukuu akaunda merikebu nyingine, ipi ndiyo yenyewe? Kwa wakulima wetu jambo hili si la vitabuni. Pampu iliyong'olewa hapa huenda inasukuma dizeli kwenye trekta la jirani. Anayesaka kila kipande cha kwanza ataishia kuua matrekta yanayolima ili apate moja la kutazamwa.

Kwa hiyo tutenganishe uharibifu na ufumbuzi. Kutu, ringi zilizolika na breki zisizoshika ni uharibifu, viondoke. Lakini mkono wa kuinulia jembe uliovunjika, ukaungwa kwa bamba la chuma na mshono mnene wa kuchomelea, ni ufumbuzi wa fundi aliyekosa spea msimu ukiwa umefika. Maadamu unabeba mzigo salama, ubaki, na usifichwe kwa rangi. Ukipata ufa, ubadilishwe, na iandikwe ulikuwepo.

Kigezo hiki hakidharau kiwanda. Injini hii ilikuja na kifaa kinachochoma dizeli kidogo kwenye njia ya hewa ili iwake wakati wa baridi. Kama kiling'olewa, kirudishwe: asubuhi ya Julai Uwemba inakihitaji.

Kubadilika hakulinyang'anyi trekta utu wake. Kufichwa kwa mabadiliko ndiko kunakolinyang'anya. Likilima, na anayeuliza limepitia mikono gani akapewa jibu la kweli, urejeshaji umekamilika.