Shamba Moja, Daftari Moja



Mafundisho ya ndoa mara nyingi hugusa maneno: maneno makali, maneno ya upole, maneno ya msamaha. Mwezi huu tuzungumze juu ya mahindi.

Usicheke, mpendwa msomaji. Katika nyumba nyingi za mashambani, ugomvi hauanzi kwa sababu mapenzi yamekwisha. Unaanza na magunia mawili yaliyouzwa kimyakimya, au pesa za maziwa ambazo mama hajui zimeenda wapi, au jogoo aliyepelekwa sokoni baba akiwa safarini. Na hawa ni watu walioanza na nia njema: ekari moja, ng'ombe mmoja wa kufugwa zizini, kuku wachache, sukuma wiki nyuma ya jiko, ili watoto wale jasho la wazazi wao. Nia hiyo inampendeza Mungu. Lakini boma halitajitegemea kama wenye boma hawaaminiani.

BUSTANI ILITANGULIA WATOTO

Soma tena sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo. Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza, kisha anampa mwenzi wa kumsaidia. Watoto bado hawajazaliwa, lakini kazi ya shamba ipo tayari. Kumbe kazi hiyo haikuja kama adhabu. Ilikuwepo kabla ya dhambi. Naye Mungu aliona kwamba si vema mtu awe peke yake.

Basi jiulize, ewe mume: katika boma lako mke ni mwenzi, au ni kibarua asiyelipwa? Yeye hupanda, hupalilia, huteka maji, hukata majani ya ng'ombe hata mvua ikinyesha. Siku ya kuuza inapofika, ghafla shamba linakuwa la ukoo wako. Ni kweli ulirithi udongo. Lakini mavuno hukuyarithi. Hayo mmeyatoa nyinyi wawili. Nawe mke, jiulize: mahindi unayoyatoa ghalani usiku na kuyaficha kwa jirani, yanaijenga nyumba au yanaibomoa?

Wote wawili mlisema "ndiyo" mbele ya altare. Ndiyo ile haikuishia chumbani. Iliingia ghalani na zizini, na siku hizi lazima iingie hata kwenye simu, maana pesa za maziwa hutumwa kwa simu, na simu ina namba ya siri. Namba hiyo isiwe ukuta kati yenu.

HESABU YA GOROGORO

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nunueni daftari moja la shule, mliweke mahali ambapo nyote mnalifikia. Jioni moja baada ya mavuno, kabla mnunuzi hajaja na mizani yake, baba aseme, "Mama watoto, njoo tukae tuhesabu."

Anzeni na chakula. Nyumba inayotumia gorogoro moja la mahindi kwa siku, yaani karibu kilo 2, itahitaji kilo 730 kwa mwaka. Hizo ni zaidi kidogo ya magunia 8 ya kilo 90. Mkivuna 12, wekeni 9, uzeni 3. Mkivuna 8, hakuna la kuuza, hata dalali aje na maneno matamu namna gani. Ni wangapi huuza Desemba ili walipe karo ya Januari, halafu mwezi wa Mei wananunua mahindi yale yale kwa bei ya juu? Karo ni lazima. Ndiyo maana iandikwe daftarini mapema, pamoja na mbegu na mbolea, ilipiwe akiba kidogo kidogo kwa maziwa na mayai, isije ikala ghala lote kwa siku moja.

Kisha yatunzeni. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Ukambani. Jipimieni wenyewe: tieni mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, mfunike, mtikise kwa dakika chache, kisha mwache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudisheni juani, juu ya turubai. Yaliyoota kuvu msimpe hata ng'ombe, kwa sababu sumu hupita katika maziwa, na maziwa hayo ni ya mtoto wenu.

KUPATANA KATIKA UKWELI

Huenda mkasema: sisi tumekwisha kupatana. Vizuri. Lakini hata Anania na Safira walipatana. Matendo ya Mitume, sura ya tano, hutueleza kwamba waliuza mali yao, shamba, wakaficha sehemu ya bei huku wote wawili wakijua. Hakuna aliyewalazimisha kutoa. Kosa lao lilikuwa uongo. Inawezekana basi mume na mke wakapatana vizuri sana katika jambo baya. Ghala limejaa, wao wanacheka, na mjane wa jirani analala njaa.

Kujitegemea si kujifungia. Sheria ya Musa iliwakataza wakulima kuvuna hadi pembeni kabisa mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate kitu. Daftari lenu liwe na ukurasa wa zaka, na ukurasa wa maskini.

Mtazameni Mtakatifu Isidori Mkulima wa Madrid, Hispania, na mkewe Maria. Kanisa lilimtangaza mume kuwa mtakatifu mwaka 1622, na mke kuwa mwenye heri mwaka 1697. Hawakuwa na mashamba makubwa. Isidori alikuwa mfanyakazi katika shamba la tajiri. Hata hivyo husimuliwa kwamba maskini hawakuondoka kwao na njaa. Walifika mbinguni pamoja kwa njia ya jembe na sufuria.

MWENZAKO AKIKATAA

Na kama mwenzako hataki daftari? Usimwanzie akiwa amechoka, au amelewa, au mbele ya watoto. Usilipize kwa kuficha na wewe. Chagua saa tulivu, umweleze shida ya nyumba bila kumtukana. Akizidi kukataa, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, au mwendeeni padre. Hiyo ndiyo kazi waliyoikubali siku ile.

Ujue pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu mali ya wanandoa huhesabu kazi ya shambani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali hiyo. Tena katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Na palipo na kipigo, usikae kimya ukidhani huo ndio msalaba wako. Tafuta kwanza usalama wako na wa watoto.

Lakini wengi wenu hamjafika huko. Wengi mnahitaji jioni moja tu. Jumapili hii, mkitoka Misa, mkisha kula, salini pamoja. Kisha kila mmoja ataje jambo moja la mavuno ambalo mwenzake halijui. Anayesikiliza asikemee, aandike. Hapo ndipo daftari litakapoanza, na ukurasa wa kwanza utakuwa mgumu kuliko yote inayofuata.

Mungu aliyewaunganisha abariki majembe yenu, na ghala lenu lisiwe na siri.