Kitakasa Mikono cha Nyumbani: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Ndithini



Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye riziki yake imempeleka Ndithini, katika jimbo la Masinga, kaunti ya Machakos, na huko ana duka dogo. Asema kuwa tangu mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, amekuwa akitengeneza nyumbani kwake kitakasa mikono, ile dawa ambayo watu wa mjini huiita sanitaiza, akiiuza katika chupa ndogo siku ya soko. Chupa moja huiweka mlangoni pa chumba cha nyuma ya duka, ambamo yeye na Waislamu wachache wa huko huswali jamaa. Hivi karibuni alipita msafiri, akaswali pamoja nao, kisha akamkemea mbele za watu: ya kwamba dawa hiyo ni pombe, na pombe ni najisi, na kila aliyejipaka sala zake zote ni batili. Tangu siku hiyo jamaa ile imegawanyika. Wako walioanza kukidhi sala za miaka, na wako wasiotaka tena kusimama safu moja na wenzao. Ndugu yetu auliza: je, ni kweli aliyoyasema yule msafiri? Na mwisho wa barua, kana kwamba ni jambo la kupita tu, ametuandikia namna aitengenezavyo: vikombe viwili vya spiriti ya vidonda kutoka duka la dawa, kikombe kimoja cha utomvu wa shubiri, na marashi kidogo kwa ajili ya harufu.

Tutamjibu alilouliza, kisha tutamjibu asilouliza, nalo kwetu ndilo zito zaidi.

Ama hukumu ya spiriti, hapana shaka kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kila kileo kilicho majimaji ni najisi. Hayo ndiyo tuliyosomeshwa, na hayo ndiyo tuyasomeshayo. Lakini mwenye kusoma kitabu kimoja akadhani amezisoma elimu zote hujidhulumu yeye na wenziwe. Al-Muzani, naye ni mwanafunzi wa Imamu Shafi mwenyewe, na kabla yake Rabia, sheikh wa Imamu Malik, na Imamu Layth wa Misri, wamepokewa kuwa waliona khamri ni haramu kunywewa wala si najisi ya kuoshwa. Na huyo huyo Imamu Nawawi, pamoja na kuwa msimamo wake ni unajisi, amekiri katika Majmuu kuwa aya ya Sura ya Al-Maida si dalili iliyo wazi ya unajisi huo. Na kwa zama zetu hizi, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka, katika kikao chake cha 16 mwanzoni mwa mwaka 2002, limeruhusu spiriti itumiwe nje ya mwili kwa kusafishia vidonda na kuua vijidudu.

Basi mwenye kupaka dawa hii mikononi, ikakauka, akaswali, hatuna ruhusa ya kuibatilisha sala yake. Mwenye kutaka kujitoa katika khitilafu na ana maji, na aoshe mikono yake kabla ya sala, na hilo ni zuri. Ama kuwakidhisha watu sala za miaka kwa jambo walilokhitalifiana maimamu, na kuvunja jamaa ya watu wachache walio ugenini, hilo hatulioni kuwa ni dini. Kuigawa safu ni dhambi isiyo na khitilafu.

Kuna jambo dogo hapa tusiliache. Jina lenyewe, kitakasa mikono, limewapotosha baadhi ya watu wetu hata mijini. Tumesikia kwa masikio yetu mtu akisema kuwa amejipaka hiyo akatosheka na udhu, kwani si imeandikwa kuwa yatakasa? La. Udhu ni maji, na asiyepata maji ni mchanga kwa masharti yake. Na kinyume chake vile vile: aliyetayamamu, ametoharika kwa sala, lakini mikono yake haikusafika na vijidudu kwa sababu ya vumbi, wala hakuna mwanachuoni aliyedai hivyo. Tohara ni ibada, na usafi wa mikono kwa ajili ya afya ni kinga. Dini imeviamrisha vyote viwili, wala kimoja hakimalizi kazi ya mwenzake. Mtume (s.a.w.) alimkataza aamkaye usingizini asitie mkono wake katika chombo mpaka auoshe mara tatu, kwa kuwa hajui mkono huo ulilala wapi. Yataka tufikiri: hakusema kuwa mkono una uchafu uonekanao, bali kuwa mwenyewe hajui. Madaktari wa Ulaya hawakulifikia hilo mpaka mwaka 1847, pale Semmelweis katika hospitali ya Vienna alipowalazimisha madaktari watokao kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vya wazazi vikapungua mno. Na hata hivyo wengi wa wenziwe walimdharau.

Sasa tuje kwenye lile asilouliza.

Ndugu yetu, twaomba uchukue kalamu upige hisabu pamoja nasi. Spiriti ya vidonda iuzwayo katika maduka ya dawa kwa kawaida nguvu yake ni sehemu 70 katika mia. Vikombe viwili vya hiyo, ukizidisha kikombe kimoja cha shubiri ambacho hakina spiriti hata tone, nguvu yote hugawanyika kwa vikombe vitatu, ikabaki kama 46 katika mia. Tia na marashi, yapungua tena. Na wataalamu wa afya wasema kuwa dawa ya mikono iliyo chini ya 60 katika mia haitegemewi kuua vijidudu. Basi ulichowauzia watu wa Ndithini ni maji yenye harufu nzuri. Mnunuzi amejipaka, akaamini mikono yake imesalimika, akamlisha mtoto wake. Lau asingalikuwa na chupa yako, pengine angalitafuta sabuni.

Wala si wewe peke yako. Mchanganyiko huu wa vikombe viwili kwa kimoja ulienea mno Kenya na kwingineko baada ya tarehe 13 Machi 2020, siku ilipotangazwa korona kuingia nchini, na dawa za madukani zikaadimika. Bei zilipandishwa hata Mamlaka ya Ushindani wa Biashara ikaliamuru duka moja kubwa liwarudishie wateja fedha zao. Mchanganyiko huo hufaa kwa mwenye spiriti ya nguvu ya 91 au zaidi, nao hapo hutoka ukivuka 60 kwa shida. Watu walichukua vipimo wakaiacha sharti. Na wengine walitia pombe kali za chupa, ambazo nguvu yake ni 40 kabla hata ya kuchanganywa, wakakusanya haramu ya kununua khamri na hasara ya dawa isiyofaa.

Na iko khatari nyingine iliyo kubwa kuliko udhaifu. Si kila kiitwacho spiriti ni kitu kimoja. Ile ya rangi ya zambarau ya kuwashia karabai na majiko hutiwa methanoli makusudi ili isinywewe, na methanoli ni sumu ipofuayo macho na kuua. Watu wa Machakos hawahitaji kusimuliwa na sisi habari hiyo: mwezi wa Juni 2005, katika wilaya yao hiyo hiyo, zaidi ya watu 40 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengi wakalazwa hospitali. Mwaka 2020 nchini Iran mamia walikufa kwa kuinywa wakidhani yaondoa korona, na mwezi wa Juni mwaka huo huo serikali ya Marekani iliwaonya watu wake juu ya vitakasa mikono kutoka Mexico vilivyokutwa na methanoli ndani yake. Wako wanaosema: "Mimi nauza ya kupaka, si ya kunywa." Naam, lakini methanoli hupita hata ngozini, na chupa yako imo ndani ya nyumba yenye watoto. Na sisi watu wa pwani twajijua tabia yetu: mafuta ya taa katika chupa ya soda, klorini ya kufulia katika chupa ya soda, na maji ya kunywa katika chupa ya soda, zote juu ya rafu moja.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu hiyo, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatokeayo. Maulamaa wameijenga juu ya hadithi hii hukumu ya dhamana: nia njema haimwondolei mtu malipo. Na habari ya yule muuza chakula sokoni Madina, ambaye Mtume alitia mkono katika lundo lake akakuta umaji chini, kila mmoja wetu ameisikia, na yajulikana alivyomhukumu mwenye kughushi kuwa si katika sisi. Yule mtu chakula chake kilikuwa chakula, kimelowa mvua tu. Je, mwenye kuandika juu ya karatasi ya chupa kuwa humo mna dawa, na dawa haimo?

Huenda ndugu yetu akasema: basi nifundisheni ilivyo sahihi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani, kwa lita moja, ni hii: mililita 833 za ethanoli yenye nguvu ya 96, mililita 42 za haidrojeni peroksaidi ya 3 katika mia, ile dawa ya vidonda itokayo povu, mililita 14 na nusu za gliserini ya kuilainisha ngozi, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka itimie lita. Hufungwa katika chupa safi ikakaa saa 72 ndipo itumiwe, ili vijidudu vilivyokuwamo chupani vife. Na maji yamo humo kwa sababu, si kwa kuongeza wingi, kwani spiriti tupu hukauka upesi na haiingii ndani ya kijidudu vizuri.

Lakini tazama nani aliandikiwa kanuni hii. Ni wafamasia na mahospitali, wenye kipimo cha kujua nguvu ya spiriti, mahali penye hewa, mbali na moto. Spiriti ya nguvu hiyo hushika moto kwa cheche tu, na mwali wake mchana hauonekani vyema. Mtu huungua kabla hajajua kuwa kuna moto. Jikoni penye makaa si mahali pake. Na kuiuza pasipo alama ya Shirika la Viwango la Kenya ni kinyume cha sheria, na Mwislamu ameamrishwa kutimiza masharti yaliyo ya haki. Ama kuitafuta spiriti kwa wapika chang'aa, hilo halijuzu kabisa, kwani Mtume amemlaani mpishi wake na muuzaji wake, na nguvu yake wala yaliyomo hayajulikani. Ethanoli ya viwandani, kama ile ya molasi ya miwa itengenezwayo Muhoroni, ina njia zake za halali za kununuliwa kwa wenye leseni.

Twajua utasema kuwa Ndithini maji ni ya taabu, na kuwa ndiyo sababu watu waliipenda chupa yako. Hili ni kweli, na Ukambani mwanamke hutembea mwendo mrefu kwa dumu moja. Lakini Mtume wetu alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita. Kuosha mikono kwahitaji maji machache kuliko hayo, ikiwa hayatamwagwa ovyo. Chukua dumu dogo, litoboe tundu jembamba karibu na mdomo, litundike kwa kamba juu ya kijiti, na kamba nyingine iende chini kwenye ubao wa kukanyaga kwa mguu. Lainamapo, maji huchirizika, na likiachwa hurudi. Watu hukiita kibuyu chirizi. Pembeni tundika kipande cha sabuni, na asiye na sabuni atumie jivu, kisha asugue muda wa kuhesabu mpaka 20 polepole. Na mkono wenye udongo au mafuta, wa mkulima au wa mwenye kuchinja, kitakasa mikono hata kilicho bora hakiusafishi vizuri, wala hakitegemewi kama sabuni kwa vijidudu kadha wa kadha vya kuharisha. Kipindupindu kilipotembea Kenya tangu Oktoba 2022, sabuni na maji safi ndiyo yaliyokuwa kinga. Weka kibuyu hicho mlangoni pa chumba chenu cha sala mahali pa ile chupa, na yule msafiri akirudi hatakuwa na la kusema.

Zimebaki chupa zilizomo dukani, na zile zilizokwisha uzwa. Zilizomo dukani usiziuze, wala usizitoe sadaka, kwani sadaka ya kitu cha udanganyifu ni udanganyifu. Zilizouzwa, wanunuzi uwajuao waendee uwaambie wazi kuwa dawa ile ni dhaifu na wasiitegemee, na atakaye fedha zake mrudishie. Mji ni mdogo na nyuso zao wazijua. Usiowajua, tangaza siku ya soko pale pale ulipokuwa ukiuza. Na kama uliwahi kutumia spiriti ya karabai badala ya ile ya duka la dawa, hata mara moja, usingoje siku ya soko.