Darubini Isiyo na Mahali pa Jicho

Kuona ni nini? Swali hili ni jepesi mpaka mtu alazimike kulitolea fedha. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa huongoza watalii kutoka Karatu kwenda Ngorongoro, ameweka akiba na wenzake ili wanunue darubini. Fedha zao zinatosha moja tu. Baadhi wanataka ya kupigia picha vitu vya mbali angani. Wengine wanataka ya kutazamia, ili hata watoto wa shule za jirani wapate kutazama. Akanijia: "Mwalimu, tushauri."

Tuzipime kwa haki. Zote mbili zina kioo chenye kipenyo cha milimita 200 hivi. Ya kwanza, mfano wa RASA ya kampuni ya Celestron, ina urefu wa fokasi wa milimita 400. Ya pili ina milimita 1,200, nayo ni ya namna aliyoieneza John Dobson huko San Francisco, aliyeweka darubini kando ya barabara ili wapita njia watazame. Katika ile fupi, kila sehemu ya picha hupata nuru mara 9 zaidi, hivyo kazi ya saa 3 humalizika kwa dakika 20. Tena huchukua eneo pana la anga, kiasi cha miezi mipevu sita ikipangwa safu moja. Upana huo si anasa. Galaksi ya Andromeda imeenea kiasi hicho, na darubini ndefu huonyesha kipande chake tu. Wengi hudhani darubini bora ni ile inayokuza sana, kumbe vitu vingi vya mbali si vidogo, bali ni hafifu.

Ila darubini hiyo fupi haina mahali pa kuweka jicho. Kamera hukaa mbele, mdomoni mwake, na anayetaka kuona hana budi kutazama kompyuta.

Je, picha yake ni ya uongo? Hasha. Jicho haliweki akiba ya nuru, kamera huiweka. Mikono ya Andromeda iliyojiviringisha ipo kweli, ingawa jicho, hata likisaidiwa na darubini, aghalabu huona wingu la kijivu tu. Mwenye kudai kwamba kweli ni kile tu anachokiona kwa macho yake atakana mengi.

Hata hivyo, katika chuo cha ualimu tuliwafundisha wanachuo kwamba picha ya ukutani ni zana njema, lakini kama ngano imesimama nyuma ya darasa, mtoto apelekwe akaishike. Nuru ya Andromeda husafiri takriban miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Ilipoondoka huko, nyayo za Laetoli zilikuwa zimekwisha kuachwa katika majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni moja nyuma. Na yule Zinjanthropus wa Olduvai, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata mwaka 1959, alikuwa bado hajazaliwa. Mtoto wa Karatu anapoinamia darubini, safari hiyo yote huishia ndani ya jicho lake mwenyewe. Picha ni habari ya nuru iliyopokewa na kingine.

Hoja za upande wa pili ni nzito. Picha huweza kuuzwa kwa watalii, na vijana hawa wana familia. Picha moja huweza kutundikwa katika kila darasa wilayani, ilhali darubini ya jicho humhudumia mmoja mmoja, tena usiku, wakati ambapo mtoto wa karibu na msitu hapaswi kutembea kwa hofu ya tembo na nyati.

Pamoja na hayo, nimewashauri waanze na ile ya jicho, na wawafuate watoto huko huko shuleni kwao. Wataukosa upana, na hiyo ni hasara ya kweli. Lakini aliyewahi kutazama mwenyewe lile wingu la kijivu, siku akionyeshwa picha atauliza imepatikanaje. Asiyewahi ataisifu tu, kisha ataamini. Nimefundisha miaka mingi, na naona kazi yetu yote ilikuwa kumtoa mtoto katika kuamini tu na kumfikisha kwenye kuuliza.