Kulisha na Kujua

Katika Kiswahili, neno lishe halikuzaliwa na kula bali na kulisha. Kula ni tendo la mtu mmoja na chakula chake. Kulisha hakutimii mpaka wawe wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea. Na aghalabu mpokeaji ni mdogo, mgonjwa au mnyonge asiye na uwezo wa kukataa. Kwa hiyo elimu ya lishe, hata ifundishwe kwa mizani na majedwali, imebeba ndani yake suala la maadili lisiloepukika: je, nia njema yamtosha anayelisha?

Mtu wa pwani hulelewa ajibu upesi kwamba yatosha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mgeni hukaribishwa chakula kabla hajaulizwa shida iliyomleta, na mtoto wa jirani hapiti penye mlo pasi na kuitwa. Kijana atokaye visiwani kwenda kusomea lishe ya binadamu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, huenda na urithi huo. Hutarajia kuongezewa hesabu tu: protini kiasi gani imo katika dagaa, vitamini gani imo katika embe. Hesabu hizo huzipata. Lakini pamoja nazo hukutana na jambo linaloutikisa urithi wake, nalo ni kwamba chakula chaweza kumuua mwenye njaa.

Mwaka 1945, majeshi ya washirika yalipozifungua kambi za mateso za Wajerumani, askari waliwagawia wafungwa waliokonda vyakula walivyokuwa navyo. Hapana aliyewatakia mabaya. Hata hivyo wapo waliokufa baada ya kula. Sababu yake leo inafahamika. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu hupunguza kazi zake zote. Sukari nyingi inapoingia ghafla, insulini huzivuta fosfati na potasiamu kutoka katika damu kuzipeleka ndani ya seli, na moyo uliokwisha dhoofika hushindwa. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali halishwi kwa siku za mwanzo ila maziwa maalumu yenye kilokalori 75 tu kwa kila mililita 100, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Wala hapewi madini ya chuma, ijapokuwa damu yake ni haba, mpaka aanze kuongezeka uzito. Mama anayetazama kikombe kile kidogo aweza kudhani kwamba mwanawe ananyimwa. Kumbe uchache ule ndio huruma yenyewe, ila ni huruma iliyokwenda shule.

Mfano wa pili haukutokea mbali. Ulitokea Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, upungufu wa damu ulikuwa umeenea mno kwa watoto wadogo wa kisiwa hicho, na ushauri wa kimataifa wa wakati huo ulikuwa kuwapa watoto wa maeneo kama hayo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Ukafanywa utafiti mkubwa, ukishirikisha Maabara ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi, karibu na Chake Chake. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wapewe chuma na foliki kila siku, baadhi wapewe pamoja na zinki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Mwezi wa Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa, kwa kuwa hesabu zilianza kusema lisilotarajiwa. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006, yalionyesha kuwa waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali. Pemba ya miaka ile ilikuwa na malaria nyingi, na mwili unaposhambuliwa na maradhi huficha chuma chake, kwani vijidudu navyo vyakihitaji. Kidonge cha wema kilikuja kumwaga hadharani kile ambacho mwili ulikuwa umekificha kwa hekima yake.

Hapa ndipo suala linapokuwa zito. Dini zafundisha kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na mafunzo hayo hayana dosari mahali pake. Nia humpima mtoaji mbele ya Mola wake. Lakini mwili wa mpokeaji hausomi nia; husoma kilichoingia tumboni, wakati gani, na kwa kiasi gani. Mwenye kutoa akijitazama nafsi yake peke yake ataridhika, kwa kuwa moyo wake ni safi. Akimtazama aliyepewa ataulizwa swali jingine kabisa: amekuwaje baada ya kupokea? Wema unaoishia kwa mtoaji ni nusu ya tendo. Ni kutoa, bado haujawa kulisha.

Yupo atakayepinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kuwa anayengoja ajue yote kabla hajanyoosha mkono, atazika wengi kuliko anayekosea kwa kutoa. Njaa haingoji utafiti. Upungufu wa damu nao si jambo la kupuuzwa. Hudumaza akili za watoto na huhatarisha maisha ya wajawazito. Tena hofu ya kudhuru yaweza kugeuka kisingizio cha bahili, naye ni stadi wa kutafuta sababu.

Jawabu limo katika utafiti ule ule. Lilikuwapo kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kuchunguzwa kwa karibu zaidi, na malaria yao ikatibiwa mapema. Miongoni mwa hao, waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika na vidonge. Chuma ni kile kile na kisiwa ni kile kile; kilichozidi ni jicho lililomwangalia kila mtoto. Kwa hiyo fundisho halikuwa kwamba kutoa ni kubaya, bali kwamba kutoa kusikotazama ni kubahatisha kwa maisha ya mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2016, halikukataza chuma penye malaria. Lilitaka kiambatane na juhudi za kuikinga, kuipima na kuitibu malaria yenyewe. Basi asiyejua yote na atoe, ila aanze kwa kiasi, aangalie, na awe tayari kuacha. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana ni vigumu mtu kuusimamisha wema wake mwenyewe. Waliovisimamisha vidonge vile mwaka 2003 walitenda jema kwa kuzuia mkono.

Wala kujua si kupima damu pekee. Daktari Cicely Williams, alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi. Mwaka 1935 aliupa ugonjwa huo jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia tangu zamani, kwashiorkor, ambalo Waswahili wamelifanya kwashakoo. Maana yake ni maradhi yampatayo mtoto pindi mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wamekwisha ona kiini cha mambo: mtoto ameondolewa ziwani, na kilichowekwa mahali pa ziwa hakitoshi. Kiswahili nacho kina neno lake, kubemenda, lakini lenyewe humtafuta mkosaji. Mtoto aliyedhoofika husemwa kuwa amebemendwa, na mama hunyooshewa kidole kwamba hakujizuia. Mama anayeogopa kidole hicho humficha mtoto ndani, na mtoto aliyefichwa hafikiwi na kikombe wala mizani. Mwanafunzi wa lishe asiyelijua neno hilo na aibu yake atafika kijijini na maziwa sahihi, kisha asiletewe wa kumnywesha.

Lipo deni lililobaki. Kwamba chuma kisigawiwe ovyo penye malaria ni elimu iliyochangiwa kwa miili ya watoto wa Pemba, ambao hawakuulizwa kwa kuwa hawakuwa wamejua kusema. Wazazi wao waliridhia kwa matumaini ya heri. Yaweza kusemwa, na ni kweli, kwamba pasingekuwa na utafiti ule, vidonge vingeendelea kugawiwa kwa watoto wengi zaidi, na madhara yake yangeitwa kudura au homa tu. Ukweli huo wawatetea watafiti, haulifuti deni. Watoto wale waliosalimika sasa wana umri wa miaka 20 na ushei, umri wa kusoma chuo na wa kuanza kulea. Huenda mmoja wao ameketi darasani akisomeshwa juu ya utafiti wa Pemba, asijue kuwa miongoni mwa nambari zile 24,076 imo yake. Malipo yanayowezekana kwa kizazi hicho ni mamoja: kila atakayenyoosha mkono kuwalisha watoto wao, amtazame kwanza anayelishwa, na amtazame tena baada ya kumlisha.