Mcheza Kwao na Mwamuzi Wake

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii aghalabu hutajwa kwa furaha, harusini na uwanjani, wakati fedha zinapobandikwa katika paji la uso wa mchezaji na shangazi zake wanapopiga vigelegele. Lakini ikisomwa na mtu aliyepewa kalamu na karatasi ili aseme ni kundi gani lililoshinda, methali hiyo hiyo hugeuka kuwa shitaka. Yasema wazi kwamba tuzo hufuata ujamaa kabla ya kufuata ustadi. Je, iko hukumu ya haki katika mambo yanayopendeza macho na masikio, au mwamuzi ni jamaa mwingine tu aliyevaa joho la ugeni?

Pahali pafaapo kulipima swali hili ni Kasesya, ukingoni mwa nyanda za juu za Ufipa, njia inayotoka Sumbawanga na kupita Matai inapoingia Zambia kuelekea Mbala. Hapo neno "kwao" lina taabu yake. Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka huo mwaka 1890, ukapimwa mwaka 1898, nao ulizipasua nchi za Walungu na Wamambwe pasipo kuwauliza wenyewe. Mtu aliyezaliwa upande mmoja ana wajomba upande wa pili. Akicheza ng'ambo yuko kwao. Akicheza nyumbani yuko kwao vile vile. Kumtafutia mtu kama huyu mwamuzi asiyekuwa jamaa yake ni kazi.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa shule moja ya mpakani. Ulezi umekwisha vunwa, baridi ya Juni imeshuka, na shule zinajiweka tayari kwa mashindano ya gwaride na bendi. Mwalimu huyu ndiye mtungaji wa gwaride la watoto wake. Huchora mistari ya chokaa uwanjani, akaifuta, akaichora tena. Hufikiri ni wapi safu nne zitafunguka ziwe duara, na ni wapi ngoma kubwa itanyamaza ili mshindo wa miguu usikike peke yake. Watoto wasiokuwa na viatu huwatia katikati ya safu, ambako jicho la mtazamaji halifiki upesi. Jambo hili la mwisho humsumbua usiku, maana hajui kama amewasitiri watoto au ameisitiri shule.

Kwa kuwa anaijua kazi, anaitwa akaamue mashindano ya tarafa nyingine, ambako shule yake haishindani. Yadhaniwa kwamba hapo amekwisha takasika: hana mtoto uwanjani, wala hana mjomba miongoni mwa watazamaji. Dhana hiyo ni nyepesi. Kundi la kwanza linaingia, na katikati ya mchezo ngoma kubwa inanyamaza, miguu inasikika peke yake, kama vile alivyopanga yeye shuleni kwake. Mkono unaandika tisa kabla akili haijasema neno. Kundi la pili linaingia kwa mwendo ambao yeye asingeutunga kamwe, mwendo wa kuyumba, nusu gwaride na nusu ngoma ya mavuno, na mkono unaandika tano. Hakuna aliyempa rushwa. Ametunza kwao, na safari hii kwao si kijiji wala ukoo, bali ni ladha yake mwenyewe. Ujamaa wa namna hii ni mgumu kuukana, kwa sababu mwenye nao huuita ujuzi.

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni kumweka mwamuzi ambaye hajatunga gwaride hata moja maishani mwake. Shauri hili lina sura ya haki, lakini halina mwili wake. Asiyepata kutunga huona kile kilicho ghali: huona viatu, vifungo, wingi wa tarumbeta. Hawezi kuona mahali ambapo safu ilikaribia kuvunjika ikaokolewa na mtoto mmoja aliyefupisha hatua yake.

Wengine husema hafadhali pasiwepo mwamuzi kabisa, watu wacheze na kila mtu apende apendacho. Jambo hili limekwisha jaribiwa katika Afrika Mashariki. Ngoma ya beni, ambayo jina lake ni neno la Kiingereza la bendi lililotiwa kinywa cha Kiswahili, ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wachezaji walivaa sare, wakaenda kwa safu, wakajipa vyeo vya ufalme na vya jeshi. Vita vya 1914 mpaka 1918 viliichukua beni mpaka bara pamoja na askari na wapagazi, na vita hivyo vilikwisha karibu sana na Kasesya: tarehe 25 Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake katika mji wa Abercorn, ambao ndio Mbala ya leo. Waliokuwa wamebeba bunduki na mizigo walirudi makwao wakiwa na gwaride miguuni. Katika Tanganyika makundi makubwa yalikuwa mawili, Marini na Arinoti, na Marini walijihesabu kuwa ndio waungwana zaidi.

Hakimu wa kati hakuwapo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii, ameonyesha jinsi mashindano hayo yalivyoingia katika mavazi, karamu na matumizi ya fedha. Ameonyesha pia, na ni haki kulikumbuka hili, kwamba makundi hayo yaliuguza wagonjwa na kuzika maiti zao, basi hayakuwa upuuzi mtupu. Lakini kuhusu ushindi, pasipokuwa na mwamuzi hukumu haikosekani, huhamia mfukoni. Aliye na ng'ombe wengi wa kuchinja hupata watu wengi wa kumshangilia.

Beni ilihukumiwa pia na watu wa nje, na hukumu yao ilikuwa mbaya zaidi. Wako waliotazama sare na vyeo wakanena kwamba huu ni uigaji wa Wazungu tu. Hao walipima mfano kwa kuulinganisha na asili yake, kama kwamba mchezaji hakukusudia neno lolote ila kufanana. Kusini ya mpaka, katika mji wa migodi ya shaba wa Luanshya, J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya kalela, ngoma iliyotokana na beni. Wachezaji wake, vijana wa Kibisa, walivaa nadhifu na kung'arisha viatu. Alikuwapo mfalme wao, alikuwapo daktari, na alikuwapo mwanamke mmoja tu, amevaa nguo nyeupe za muuguzi, akipita kwa kila mchezaji na kioo na leso ili ajitazame na kujiweka safi. Jeshi gani lina mtu wa namna hii? Hakuigwa pahali, alitungwa. Na katika uwanja ule wote huenda yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mwamuzi wa kweli, kwani humwonyesha mchezaji sura yake mwenyewe, wala si sura ya mwenye kioo. Hata hivyo kioo hakitoi kikombe, na mashindano ya shule yana kikombe kimoja.

Kundi la tatu linaingia mbele ya mwalimu. Halina tarumbeta hata moja. Lina ngoma mbili, na watoto kumi na wawili wanaoimba sauti za tarumbeta kwa vinywa vyao, mashavu yamejaa, vidole vinabonyeza hewa. Watazamaji wanacheka, kisha wanaacha kucheka. Karatasi inadai alama kumi za vyombo. Mwalimu akiandika sifuri, amesema kweli na amedhulumu. Akiandika nane, amewahurumia, na huruma ni kuwatunza kama watoto wa ndugu. Anaandika sifuri. Katika nafasi ya utungaji anaandika kumi, jambo ambalo hajapata kulifanya. Kisha anarudi kwenye kundi la pili, lile la kuyumba, anaikata tano yake. Anakaa muda mrefu kalamu ikiwa mkononi, kwa sababu hajui bado kama mwendo ule ulikuwa mbovu au ulikuwa mgeni kwake.

(Jina la Sumbawanga husemwa kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Kila mwaka, matokeo yakisomwa, hawakosekani wanaosema kwamba washindi hawakuutupa. Ni rahisi kulaumu hirizi pale ambapo alama zimesomwa bila sababu zake.)

Basi anasimama na kusoma sababu pamoja na alama, kundi baada ya kundi, hata ile tano na namna ilivyopata kuwa saba. Watu wengine wananung'unika kwamba mwamuzi anayekiri kuwa alibadili mawazo si mwamuzi. Kundi lisilo na tarumbeta limekuwa la tatu. Mwalimu wao anakuja mezani jua likishuka, anaomba aione karatasi, naye anapewa. Anaisoma yote amesimama, anaweka kidole juu ya sifuri, anauliza ni lini mashindano ya mwaka ujao.