Kima cha Haki kwa Gari Lisilo na Bei ya Soko

Katika darasa letu la hapa Tarbaj tuliletewa suali ambalo mwanzo wake ulituchekesha na mwisho wake ukatunyima usingizi. Kijana mmoja alisimama akauliza: gari kuukuu lisilokwenda, lililofungiwa bandani mjini Nairobi, kima chake cha haki ni kipi? Wako waliomjibu kwa mzaha kuwa gari lisilokwenda huuzwa kwa ratili kama chuma kinginecho. Alipoeleza habari yote, kicheko kilikatika.

Baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari Nairobi kwa miaka mingi. Ameacha mjane, watoto watano ambao watatu kati yao hawajabaleghe, mbuzi wachache walionusurika na ule ukame uliotumaliza sote mwaka 2022, na gari moja aina ya Datsun 240Z. Ami yao, ambaye ndiye msimamizi wa mali ya mayatima, alisema yu tayari kulichukua gari mwenyewe kwa shilingi 120,000, ili awapunguzie mzigo. Bwana mmoja wa Nairobi, mkusanyaji wa magari ya zamani, alikuja akataja shilingi 900,000. Na huyu kijana naye alikuwa amepata habari kuwa gari la jina hilo hilo liliuzwa Marekani mwaka 2020 kwa dola 310,000, akaapa kuwa haliuzi kwa chini ya hapo. Chombo kimoja, bei tatu, na kila mwenye bei yake aamini kuwa mwenziwe amepotoka.

Yafaa tumweleze msomaji gari lenyewe, kwani wengi wetu twajua zaidi ngamia kuliko Datsun. Ni gari la watu wawili, lenye injini ya mitungi sita ya lita 2.4, lililoundwa Japani tangu mwaka 1969 kwa ajili ya mbio na starehe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström hata ikabidi watafutiwe njia ya kuwatenganisha. Ndiyo sababu gari hili lina wapenzi wengi katika nchi yetu. Tena Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, basi yaliyomo ndiyo hayo, na kila mwaka kutu hupunguza idadi yake. Lilipokuwa jipya, mwaka 1970, Mmarekani aliweza kulinunua kwa dola 3,526. Chuma hakikuongezeka tangu siku ile, bali kimepungua. Kilichoongezeka ni uchache wake na habari zake.

Je, yajuzu kuuza habari kwa bei kubwa namna hiyo? Twasema yajuzu. Sheria yetu haikuweka mpaka wa faida. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja akanunue mbuzi, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake, naye akaombewa baraka. Na Mtume mwenyewe, watu walipomtaka awawekee bei, alikataa, akachelea kukutana na Mola wake hali mtu amdai dhuluma. Kwa hiyo ndugu zetu wanaosema kuwa ni haramu chuma kuuzwa kwa bei ya nyumba, na watuletee dalili. Mwaka 2022 gari moja la Mercedes liliuzwa kwa euro milioni 135. Sisi hatungelinunua hata tungekuwa nazo, lakini kutolipenda jambo si sawa na kuliharimisha.

Kinachotushughulisha ni kuwa, ikiwa kinachouzwa ni habari, basi uongo katika habari ni ghashi katika mali yenyewe. Muuza ngano aliyeficha iliyolowa chini na kuiweka kavu juu, alikemewa kwa chakula ambacho mtu angeweza kukipapasa kwa mkono wake. Habari za gari hazipapasiki. Lile lililouzwa kwa dola 310,000 lilikuwa limekwenda maili zipatazo 21,750 tu katika umri wake wote, wala halikupata kufumuliwa likaundwa upya. Hili la marehemu limezunguka nusu ya nchi. Injini yake si ile iliyotoka nayo kiwandani, kwani nambari yake haiwafikiani na iliyoandikwa katika hati za gari, na sakafu yake imeliwa na kutu mahali pawili. Kulinganisha magari haya kwa kuwa yana jina moja ni kama kulinganisha ngamia wa maziwa na ngamia mgonjwa kwa kuwa wote ni ngamia.

Rafiki wa kijana, kwa kutaka kheri, alimshauri azibe kutu kwa puti, apige rangi ya magari ya Safari, aandike nambari ubavuni, kisha anyamaze. Akiulizwa kama lilishindana, aseme, «Marehemu hakupenda kujisifu.» Tulimwambia kijana kuwa neno hilo ni uongo ijapokuwa huenda kila herufi yake ni kweli. Rangi ile ingesema kwa niaba yake.

Ama bei ya ami, hapo ndipo tulipokaa muda mrefu. Kila mfugaji wa hapa ajua maana ya kukutwa njiani. Mtu atoka na wanyama wake akielekea soko la Wajir, au mbali zaidi mpaka Garissa, na kabla hajafika hukutana na dalali aliyekwisha kupiga simu na kuijua bei ya asubuhi hiyo. Dalali humwambia kuwa soko limeanguka, naye mfugaji kwa uchovu na kiu huuza. Mtume alikataza kuulaki msafara kabla haujafika sokoni, na akampa muuzaji hiyari ya kurudi katika mauzo yake akishafika na kuijua bei. Na tuangalie kuwa mfugaji yule hakulazimishwa. Aliridhia kwa ulimi wake, lakini ridhaa ya asiyejua haikutosha.

Mjane naye yuko njiani. Soko la mali yake liko mbali naye, wala hajui hata kuwa lipo. Na aliyemkuta huko si dalali mgeni, ni shemeji yake aliyekabidhiwa kumlindia watoto. Wafanya biashara wetu wa mifugo wana desturi ya kushikana mikono chini ya shuka na kuambizana bei kwa vidole, ili watazamaji wasijue. Msimamizi anayejiuzia mali ya yatima ni mtu aliyeingiza mikono yake yote miwili chini ya shuka: kidole chake chapendekeza na kidole chake chakubali. Hatusemi kuwa alikusudia khiyana. Yamkini kwa kweli aliona chuma tu. Lakini tulipomuuliza kwa nini asilipeleke kwa wauza vyuma akawaachia mayatima hizo 120,000, hakuwa na jawabu.

Imepokewa kuwa Jarir bin Abdullah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomtazama akaona kuwa ana thamani zaidi, akamrudia mwenye farasi, akampandishia bei mara baada ya mara hata akafika 800, kwa kuwa alimuahidi Mtume kumtakia kheri kila Muislamu. Mmoja wetu alisema kuwa hiyo ni daraja ya masahaba, nasi tusimlazimishe nayo mkusanyaji wa Nairobi: ujuzi wake ni rasilimali, ameutafuta kwa miaka, kwa nini autoe bure? Maneno haya yana nguvu, na darasa liligawanyika. Sisi twaona kuwa baina ya watu wawili wajuao, kila mmoja na anyamaze na ujuzi wake. Mbele ya mjane asiyejua, wajibu mdogo kabisa wa mwenye ujuzi ni kumwambia aulize kabla ya kuuza. Si lazima amtajie kiwango cha mwisho atakachoweza kulipa. Ama kwa msimamizi hapana khitilafu, kwani kazi yake ni kujua kwa ajili yao.

Kijana naye hakusalimika. Tulimkumbusha kuwa gari si lake pekee. Mama yake ana thumuni yake, na ndugu zake wana mafungu yao, nao hawawezi kula dola za Marekani zilizomo katika ndoto ya mmoja wao huku kutu ikiendelea na kazi yake.

Basi tulishauri atafutwe fundi asiye na maslahi, aandike kila ila ya gari pamoja na nambari ya chesisi na ya injini, na karatasi hiyo apewe kila mnunuzi kabla hajataja bei. Ami ajitoe katika kununua. Alikasirika, hakufika darasani kwa wiki mbili, kisha akaja akakaa nyuma, na ni yeye aliyesafiri kumpeleka fundi.

Wanunuzi watatu walisoma karatasi. Mmoja hakurudi tena. Wa pili alitaja shilingi 650,000. Yule bwana wa kwanza, alipoona habari ya injini na ya sakafu, alishuka kutoka 900,000 hadi 700,000, na kwa bei hiyo gari likauzwa na fedha zikagawanywa. Siku ya pili kijana alitujia, akatuuliza kwa adabu kama karatasi yetu ndiyo iliyomgharimu mama yake shilingi 200,000.

Tukamjibu kuwa ndiyo, ni hiyo.