Kutangulia si Kufika

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Wakanena pia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hizi mbili hutajwa kwa pamoja mbele ya mtu aliyeshindwa, kana kwamba zina shauri moja. Kumbe mashauri yake ni mawili. Ya kwanza humwambia kwamba safari bado ingalipo. Ya pili humwambia kwamba safari imekwisha, na heshima yake iliyosalia ni kukiri. Ipi kati ya hizo imsemee kwa haki aliyekosa ushindi chupuchupu? Swali hili ni kongwe, lakini ipo nchi ambako huulizwa upya kila mwaka, kwa tarakimu na kwa muziki. Nchi hiyo ni Uingereza, na wakati wake ni wiki ya Krismasi.

Tangu tarehe 14 Novemba 1952 Waingereza wamekuwa na orodha ya kila wiki ya nyimbo zilizouzwa kwa wingi zaidi. Iliasisiwa na gazeti la muziki la New Musical Express. Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu katika maduka yapatayo 20, akauliza santuri zipi zilizonunuliwa sana, kisha akajumlisha. Orodha hiyo ya kwanza ilikusudiwa iwe na nafasi 12, lakini ilitoka na nyimbo 15, kwa kuwa baadhi yake zilifungana na haikuonekana sababu ya kuzitenganisha. Siku ilipozaliwa, orodha ilijua kwamba wawili wanaweza kukaa mkeka mmoja.

Desemba ni mwezi wa zawadi, na kwa hiyo wiki ya Krismasi ikapata utukufu kuliko wiki nyingine zote. Watu huweka dau kwa wachezesha kamari kubahatisha wimbo utakaokaa juu, na jina la wimbo huo hutunzwa katika kumbukumbu kama jina la mfalme. Kando ya desturi hiyo wapenzi wa muziki wakazusha mchezo wa pili, nao ni kuzipanga safu nyimbo zilizokosa kilele kwa nafasi moja na kubishana ni ipi iliyodhulumiwa zaidi. Mchezo hauna ubaya. Neno “kudhulumiwa” ndilo lenye uzito, nalo halifai kupita bila ya kuulizwa.

Mwaka 1984 ndio hutajwa kwanza. Njaa ilikuwa ikiua watu Ethiopia. Bob Geldof na Midge Ure wakatunga wimbo “Do They Know It's Christmas?”, wakawakusanya waimbaji mashuhuri katika studio jijini London tarehe 25 Novemba chini ya jina la Band Aid, na mapato yakakusudiwa msaada. Wimbo huo ukakaa kileleni. Chini yake ukakaa “Last Christmas” wa kundi la Wham!, utungo wa George Michael. Santuri ya Wham! iliuzwa kupita nakala milioni moja, idadi ambayo katika miaka mingi mingine ingetosha kutawala. Lakini George Michael mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioimba katika Band Aid, na Wham! nao waliyatoa mapato ya “Last Christmas” kwa ajili ya wenye njaa hao hao. Basi nani alimshinda nani? Sauti ya mtu mmoja ilisikika juu na ilisikika chini, na fedha za wa kwanza na za wa pili zilielekea kwa mwenye shida mmoja. Anayeuita wimbo wa pili mdhulumiwa na aeleze kwanza angependa litokee nini badala yake.

Hata hivyo ushindi wa Band Aid nao hauna budi kupimwa. Jina la wimbo linauliza iwapo watu wale wanajua kwamba ni Krismasi. Ethiopia iliupokea Ukristo katika karne ya 4, zama za mfalme Ezana wa Aksum, kabla halijakuwapo taifa liitwalo Uingereza, na Kanisa lake huiadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari. Fedha zilizochangwa zilikuwa za kweli, na huruma ya walionunua ilikuwa ya kweli. Wingi wao lakini haukulifanya swali lile liwe swali la haki kwa waliokuwa wakiulizwa.

Hapo ndipo penye fundo. Hesabu ya orodha hujibu jambo moja tu: katika siku saba hizi, nakala ngapi zimenunuliwa? Haiulizi kama wimbo ni mzuri, wala kama unasema kweli, wala kama utakumbukwa. Kwa wapenzi wa ushairi neno mizani lina maana mbili, ya dukani na ya ubeti. Mizani ya ubeti ikitimia, msomaji hasemi kwamba shairi ni zuri. Husema tu kwamba halikupungua. Mizani ya dukani nayo ina mpaka wake. Muuzaji aliyehesabu sawasawa hakusema uongo. Uongo huzaliwa pale msikilizaji anapolichukua jibu la swali hilo dogo na kulivisha kanzu ya swali kubwa.

Kisa cha 1980 ni kigumu zaidi, kwani kina damu. John Lennon aliuawa kwa risasi jijini New York tarehe 8 Desemba. Majonzi yaliupandisha wimbo wake “(Just Like) Starting Over” hadi kileleni. Ilipotoka orodha ya Krismasi, wimbo huo ulikuwa umeshuka nafasi ya pili, na walioushusha ni watoto wa kwaya ya shule ya St Winifred's ya Stockport, waliomwimbia bibi sifa zake. Wapo waonao kwamba hilo lilikuwa tusi kwa maiti. Lakini maiti hadai nafasi. Wadaio ni walio hai, na kikongwe aliyekuwa hai Desemba ile alistahiki naye kuletewa wimbo na wajukuu zake. Aliyenunua santuri ya watoto hakuwa akimkataa Lennon. Yawezekana wiki iliyotangulia aliinunua ya Lennon pia, akaililia. Orodha haina safu ya kuandika jambo kama hilo. Mtu mmoja mwenye mapenzi mawili huonekana ndani yake kama watu wawili wanaogombana.

Mwaka 1975 mshinde alikuwa Greg Lake. Wimbo wake “I Believe in Father Christmas” ulichukua sehemu ya muziki wa Mrusi Sergei Prokofiev, na maneno yake, yaliyoandikwa na Peter Sinfield, yanahusu imani ya utotoni inayomponyoka mtu. Uliouzuia ni “Bohemian Rhapsody” wa kundi la Queen, utungo wa Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wimbo huo wa karibu dakika sita, ulioonekana mrefu mno kwa redio, ulitawala wiki tisa. Ukarejea kileleni Krismasi ya 1991, baada ya Mercury kufariki tarehe 24 Novemba mwaka huo. Mzanzibari anayelifurahia jambo hilo hana lawama, ila ajue kwamba furaha yake ni ya ujirani na haimpunguzii Lake chochote. Kushindwa na kazi kubwa si sawa na kushindwa na kazi hafifu, na bado orodha huyaandika yote mawili kwa tarakimu ile ile.

Kisa kinachowagusa zaidi watu wa tungo ni cha 2008, kwa sababu kinamhusu mtunzi na waghani wake. Leonard Cohen wa Kanada alikuwa ameutoa wimbo “Hallelujah” mwaka 1984, katika albamu ambayo kampuni yake ilikataa kuitoa Marekani wakati ule. Miaka kumi baadaye Jeff Buckley aliuimba upya. Naye akafa maji mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 30. Krismasi ya 2008 Alexandra Burke, mshindi wa shindano la uimbaji la televisheni, aliufikisha wimbo huo nafasi ya kwanza. Wapenzi wa Buckley wakalinunua toleo lake kwa wingi, likawa la pili. Toleo la Cohen mwenyewe likasimama nafasi ya 36. Utungo mmoja, vinywa vitatu, ngazi tatu. Ikiwa nafasi ndiyo thamani, basi mwenye maneno ana thamani ndogo kuliko wote walioyaazima. Hakuna apendaye ushairi atakayelikubali hilo. Mghani hulichukua shairi akalifikisha asikofika mtunzi, na kila anayesikiliza, ajue asijue, anamtolea shahada aliyeketi nafasi ya 36.

Mwaka uliofuata watu waliamua kuishika mizani kwa mikono yao. Washindi wa shindano lile la televisheni walikwisha kukitwaa kilele cha Krismasi miaka minne mfululizo, na kampeni iliyoendeshwa kwenye Facebook ikawahimiza wanunuzi waupandishe “Killing in the Name” wa Rage Against the Machine, wimbo wa ghadhabu wa mwaka 1992. Walifaulu: nakala zaidi ya 500,000 dhidi ya takriban 450,000. Aliyeangukia nafasi ya pili alikuwa Joe McElderry, kijana wa miaka 18, ambaye wiki iliyofuata alipanda kileleni. Kampeni ililenga utaratibu wa biashara. Jiwe lilimpata kijana, na biashara haikupata jeraha, kwani santuri zote mbili zilikuwa za kampuni moja kubwa ya Sony. Huo nao ni wajibu wa kufikiriwa: anayemnyima mtu ushindi ili kumwadhibu mwingine ahakikishe kwanza anayeumia ni nani.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote aachiwe hakimu mmoja, wakati. Watautaja mwaka 1994, ambapo “All I Want for Christmas Is You” wa Mariah Carey ulizuiwa na “Stay Another Day” wa kundi la East 17, kisha mwezi Desemba 2020 ukafika kileleni Uingereza. Watautaja na “Last Christmas”, uliofika juu tarehe 1 Januari 2021, miaka 36 baada ya kuzuiwa, kisha ukakitwaa kilele cha Krismasi chenyewe mwaka 2023 na tena 2024. George Michael hakuyaona hayo. Alifariki siku ya Krismasi ya 2016. Je, si kweli kwamba kutangulia si kufika?

Ni kweli, lakini lipo jambo chini yake. Mwaka 2005 nyimbo zilizopakuliwa kwa intaneti ziliingizwa katika hesabu. Mwaka 2007 haikulazimu tena wimbo uwe dukani ili uhesabiwe. Na mwaka 2014 kusikilizwa mtandaoni nako kukahesabiwa. Zamani aliyenunua santuri alihesabiwa mara moja, hata akiisikiliza kwa miaka arubaini. Siku hizi huhesabiwa kila anaposikiliza. Wakati haukutoa hukumu yoyote; swali ndilo lililobadilika, kutoka “nani amenunua?” hadi “nani anarudia?”. Nyimbo za sikukuu hushinda katika kurudiwa kwa sababu sikukuu nazo hurudi. Wimbo wa East 17 ulizaliwa kwa Tony Mortimer kumkumbuka ndugu yake aliyejiua. Watu walioununua mwaka 1994 hawakukosea. Anayesema leo kwamba Carey ndiye aliyekuwa mshindi wa haki ameitoa dhuluma mlango huu na kuipeleka mlango wa pili.

Je, basi ni makosa kuzipanga nyimbo hizi? La hasha. Binadamu hupanga, na kupanga ni namna mojawapo ya kupenda. Sharti lake ni kwamba apangaye alitaje swali lake kabla ya kutoa jibu. Na liwe hili: ni wimbo upi ambao nafasi ya pili haikuupunguzia kitu? Kwa swali hilo “Last Christmas” unastahili nafasi ya tatu, kwa kuwa ulishindwa na jambo lililostahili kuushinda, na mwenyewe akachangia kushindwa huko. “Hallelujah” wa Buckley unastahili ya pili, kwa kuwa wimbo uliokuwa juu yake ulikuwa ni ule ule.

Ya kwanza ni ya “Fairytale of New York”, utungo wa Shane MacGowan na Jem Finer, ulioimbwa na kundi la The Pogues pamoja na Kirsty MacColl. Krismasi ya 1987 ulizuiwa na Pet Shop Boys kwa “Always on My Mind”, wimbo wa zamani ambao Elvis Presley aliwahi kuuimba. Ireland uliongoza mwaka ule. Uingereza, hadi mwisho wa 2024, haukuwahi kukigusa kilele hata wiki moja, ingawa Desemba zilipita na hesabu ikabadilika. MacColl alifariki mwaka 2000, MacGowan mwaka 2023. Wimbo wenyewe unamhusu mlevi aliyelala mahabusu usiku wa kuamkia Krismasi, na mwanamke aliyewahi kuota naye ndoto kubwa katika mji wa ugenini. Wanatukanana kwa yale waliyoyakosa, na bado hakuna anayeweza kumtoa mwenzake moyoni. Wale wawili hawakufika popote, wala hawakukubali kushindwa. Methali zote mbili za wahenga zinawapita. Wanaowaimba kila mwaka hawaulizi wimbo huo ulikuwa wa ngapi.